Mcheki Mbele ya Mofolojia ya Kirusi

Hudhaniwa kwamba Mcheki anayesoma Kirusi chuo kikuu hana kazi kubwa. Lugha hizo ni za jamii moja ya Kislavoni, na nomino zinazobadili viishio kwa kufuata uhusika si jambo geni kwake: Kicheki kina uhusika saba, Kirusi sita. Taabu, hata hivyo, huzuka palepale penye kufanana.

Sarufi zote mbili huzingatia uhai, kama Kiswahili kisemavyo "kifaru yule" wala si "kifaru kile". Kwa kawaida nomino ya kiume yenye uhai, ikiwa yambwa, huchukua umbo la uhusika wa umilikaji. "Namwona mwanafunzi" ni *vidím studenta* kwa Kicheki, *vižu studenta* kwa Kirusi. Katika wingi njia huachana. Kicheki husema *vidím studenty*; Kirusi huendeleza kanuni ileile, *vižu studentov*, na kuifikisha hata kwa nomino za kike, ambazo Kicheki hakizigusi kamwe.

Mcheki atamkaye *vižu studenty* hahisi kosa, kwani sikio lake limeridhika. Kumbe kwa Kirusi umbo hilo ni la kiima. Na kwa kuwa Mrusi humwelewa bila shida, huenda kosa likadumu miaka.