Tanzia huficha jeraha, michezo huficha matanga

Kuna makala za aina mbili ambazo jirani zangu hapa Pioneer, mjini Eldoret, huzisoma kwa kicheko: zile zinazoeleza tanzia, na zile zinazosifu michezo ya video kwa kufanana mno na maisha halisi. Kicheko hicho si utovu wa adabu. Mwenye kucheka ameona pengo baina ya neno na jambo lenyewe.

Tuanze na tanzia. Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kukisitiri kifo. Kufariki, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kutengana. Marehemu ni aliyerehemiwa. Hayati, tunalomwita kiongozi aliyezikwa, limetokana na neno lenye maana ya uhai! Tanzia za Kiingereza nazo hutuambia kwamba fulani amepandishwa cheo hadi kwenye utukufu. Mstaafu mmoja alipoisoma kauli hiyo aliguna: "Mwalimu, mimi nilingoja cheo serikalini miaka mingi, kumbe nilikuwa nikibisha mlango usio wake." Na jamaa je? Binamu aliye London na mkwe aliye Marekani hutajwa pamoja na kazi zao, hata msomaji akataka kuuliza ni nani hasa aliyekufa.

Hata hivyo, kicheko hukoma tufikapo kwenye sababu ya kifo: "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Rais Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Katika miaka 15 iliyopita kati ya hapo, kurasa za tanzia zilijaa nyuso za vijana, na jina la maradhi likatajwa kwa nadra sana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tanzia iliwakanusha: kifo kilikuja, na maradhi yakabaki mafichoni.

Michezo ya video hufanya kinyume chake. Huko damu huonekana wazi. Katika Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa mwaka 2004, shujaa akiuawa huibuka tena nje ya hospitali, amepunguziwa fedha kidogo, kisha huenda zake. Mama mmoja wa mtaa wetu, alipoyaona hayo kwenye runinga ya mwanawe, aliuliza: "Hospitali hiyo iko wapi? Maiti anatoka akitembea, na bili imeshalipwa?" Tulicheka sote, lakini swali lake lilikuwa zito. Familia ngapi humu nchini zimefanya harambee ili mochari iwaachie mpendwa wao wakamzike?

Basi, msomaji mpenzi, tanzia hutuonyesha matanga ikalificha jeraha. Mchezo hutuonyesha jeraha ukayaficha matanga. Kijana aliyelelewa na vyote viwili ataijua risasi vyema kuliko anavyoujua ugonjwa uliomwua shangazi yake.

Najua nitajibiwa kwamba siri ya marehemu ni heshima yake. Ni kweli, na familia isiyotaka kusema isilazimishwe. Lakini heshima ya wafu isigeuke kuwa hatari kwa walio hai. Saratani ya umio ni nyingi katika sehemu za Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya. Ndugu akisoma kwamba fulani ameuawa na saratani hiyo, baada ya kupata taabu ya kumeza chakula kwa miezi kadhaa, huenda naye akaikumbuka taabu yake mwenyewe akamwona daktari mapema. "Kuugua kwa muda mfupi" hakumpeleki mtu popote.

Ombi langu kwa familia na wahariri ni sentensi moja tu, kwa ridhaa: ugonjwa ulikuwa huu, na dalili zake zilikuwa hizi. Ikibidi, binamu wa London apunguziwe nafasi.