Pombe, Panya na Umri wa Balehe

Panya wa maabara hubalehe upesi, takriban kati ya siku ya 28 na ya 42 tangu kuzaliwa. Katika wiki hizo mbili hucheza sana na wenzake, hujaribu kila kitu kigeni, na akiwekewa pombe, mara nyingi hunywa zaidi ya mkubwa kwa kila gramu ya uzito wake. Mtafiti Linda Spear wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, alitumia miaka mingi kutafuta sababu.

Kipimo kimojawapo ni rahisi. Panya hudungwa kilevi, akilala huwekwa chali, kisha mtafiti husubiri ajigeuze na kusimama. Mwaka 1998, Spear na Marisa Silveri walionyesha kuwa panya wachanga huinuka mapema kuliko wakubwa, ilhali ubongo wao bado una kilevi kingi zaidi. Usingizi na kuyumba, ambavyo humwambia mnywaji kwamba sasa basi, kwao havina nguvu. Kumbukumbu nayo haina kinga hiyo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliona pombe ikiwavuruga panya balehe kuliko wakubwa walipojifunza kutafuta jukwaa lililozama ndani ya beseni la maji.

Linalonitia hofu zaidi ni kinachobaki baadaye. Mwaka 2009, kundi la mtafiti Ilene Bernstein mjini Seattle, Marekani, lilichapisha jaribio ambalo panya balehe walilishwa jeli yenye pombe kwa siku 20, kisha wakaachishwa. Walipokua walipewa vibonyezo viwili: kimoja cha chakula kidogo cha uhakika, kingine cha kingi cha kubahatisha. Waliokula pombe wakati wa balehe waliendelea kukimbilia bahati hata ilipokuwa inawapunja.

Kwa binadamu tungebishana: huenda kijana anayewahi kunywa alikuwa mpenda hatari tangu awali. Panya hakujichagulia kundi, hivyo lawama inaielekea pombe yenyewe.

Ni kweli, panya si mtoto wa mtu, na vipimo vyake havihamishiki moja kwa moja. Hata hivyo, tuache kumsifu kijana kuwa ana kichwa kigumu kwa sababu amekunywa na bado anatembea wima. Mzazi, mlezi, usingoje ayumbe ndipo umkanye.