Msitu na Mji katika Nchi ya Buha

Leo twapenda kunena habari za Buha, yaani nchi ya Waha, na hasa pande za juu za Kasulu na Kibondo. Habari za Ujiji wengi wamekwisha kuzisikia, kwa kuwa ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini mtu akiiacha pwani ya Ziwa Tanganyika na kupanda kaskazini-mashariki, aingia katika nchi ya namna nyingine: vilima vyenye majani, mabonde yenye migomba, na mbele yake msitu wa miombo usioonekana mwisho. Swali letu ni hili: Je, msitu huo ni rafiki wa mtu au ni adui yake?

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mto Malagarasi chimbuko lake li karibu na mpaka wa Burundi, wala si mbali na ziwa. Lakini haushuki ziwani moja kwa moja. Huenda kwanza kaskazini-mashariki, kisha hugeuka kusini na kuingia katika vinamasi vikubwa, unapokutana na Mto Moyowosi; halafu hurudi magharibi, upite Uvinza, hata uishie ziwani. Hivyo Buha karibu yote imezungukwa na mto mmoja. Vinamasi hivyo vina ndege na samaki wengi mno, na mwaka 2000 viliandikwa katika orodha ya mapatano ya Ramsar, vikiwa vya kwanza katika Tanzania kupewa heshima hiyo.

Wenyeji wa nchi hii ni Waha, na lugha yao yafanana sana na Kirundi. Zamani walikaa chini ya watawala walioitwa Bami, na mmoja wao Mwami. Palikuwa na Mwami wa Heru, upande wa Kasulu. Wa Muhambwe, upande wa Kibondo. Wa Buyungu, kaskazini yake. Na wengine tena. Katika miaka ya 1940 na 1950 Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, ambaye sifa zake zilienea mbali. Lakini kabla ya Bami walikuwapo abateko. Muteko alikuwa mwangalizi wa ardhi. Yeye ndiye aliyewagawia watu mahali pa kulima, na ndiye aliyesema na mizimu ya vilima na mito kwa ajili yao. Mtu aliyetaka kufyeka pori jipya alimwendea muteko kwanza. Basi mpaka wa mji na msitu haukuwa jambo la mtu mmoja na shoka lake. Ulikuwa na mlinzi.

Na msitu ulikuwa na zawadi zake. Iliyo kubwa ni asali. Wakati wa kiangazi wanaume huingia porini, wakakaa huko siku nyingi, wakitundika mizinga juu ya miti na kurina ile iliyojaa. Asali ni chakula na ni pombe. Nta ni mali ya kuuza. Zawadi ya pili ni chumvi ya Uvinza. Huko maji ya chumvi hutoka katika chemchemi, na wataalamu waliochimba mahali hapo wameona kwamba watu walikuwa wakiyachemsha kupata chumvi tangu miaka 1,500 hivi iliyopita. Watu wa mbali walikuja kupika chumvi yao, na watawala wa Uvinza waliwatoza ushuru. Lakini angalieni: bila kuni hapana chumvi, na bila miti yenye maua hapana asali.

Sasa tuutazame ubaya wake. Katika miombo hukaa ndorobo, inzi anyonyaye damu. Huyu hatagi mayai kama inzi wa nyumbani. Jike huzaa buu moja tu kwa mara moja, na hukaa siku tisa au kumi kabla ya kuzaa tena. Buu hilo hujichimbia katika udongo laini kivulini, hujifunga katika ganda gumu, na baada ya mwezi hivi hutoka inzi mzima. Ndorobo akimnyonya mnyama mwenye vijidudu vya malale, navyo vikakomaa ndani yake, kisha akamwuma mtu, humpa ugonjwa huo. Mgonjwa hushikwa na homa na maumivu ya kichwa. Baadaye vijidudu hufika kwenye ubongo, akawa asinzia mchana na kukosa usingizi usiku. Asipotibiwa hufa. Na warina asali, kwa kuwa wakaa sana porini, ndio wanaoumwa mbele ya wengine.

Kwa kuwa ndorobo huzaa polepole na hutaka kivuli, watu wakikaa karibu karibu na kulima vizuri, hukimbia. Watu wakipungua, vichaka hurudi, naye hurudi pamoja navyo. Ndivyo ilivyokuwa Buha. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki. Baadaye, katika utawala wa wageni, vijana wengi wa Kiha walitoka kwao kwenda kazi za mkonge, wakaitwa manamba. Mashamba yakakosa mikono. Pori likasogea.

Tangu mwaka 1933 serikali ya wakati ule iliwahamisha watu wengi wa Buha waliokaa mbali mbali, ikawakusanya katika makao makubwa ili kuwaepusha na malale. Watu wengi waliokolewa na mauti. Jambo hilo hatulikatai. Lakini walioamriwa kuhama waliacha migomba yao, mashamba yao na makaburi ya wazee wao, na mahali pale msitu ukafunika yote. Hawakuulizwa, wala muteko hakuulizwa. Mwaka 1972 watu wa Kigoma walihamishwa tena, mara hii kuingia katika vijiji vya ujamaa. Basi walikuwapo watu waliohamishwa mara mbili katika maisha yao.

Siku hizi hatari imegeuka upande. Malale yamepungua sana, lakini miti nayo yapungua. Watu wameongezeka, na nchi hii imewapokea wakimbizi wengi wa Burundi na Kongo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Kila jiko lataka kuni. Hata mzinga wa gome una gharama yake, maana mti uliobanduliwa gome lote hufa. Mzinga wa mbao hauui mti wa kila mara, nao hudumu miaka mingi.

Turudi kwa swali letu. Msitu si rafiki wala si adui, ni jirani. Jirani asiye na mpaka huleta ugomvi, na jirani aliyefukuzwa hatakusaidia siku ya shida. Ukikaa porini ukarudi na homa isiyokwisha, usingoje. Nenda hospitali upimwe damu, maana malale yakijulikana mapema hupona. Na kijiji kikikutana kuamua pa kulima na pa kuacha miti, nenda ukaseme neno lako. Abateko wamepita, lakini kazi yao imebaki, na sasa ni yetu sote.