Nyumba ya Mbali Inataka Miguu Yako Mwenyewe



Jumatatu moja asubuhi alifika ofisini kwetu hapa Gitega ndugu mmoja mwashi, mwenzetu wa miaka mingi. Aliketi bila kuvua kofia, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa makubaliano ya kununua nyumba ya kupangisha huko Bugesera, yameandikwa kwa mkono, yana sahihi mbili na hayana muhuri wowote. Bei ilikuwa faranga milioni 12. Juu ya karatasi hiyo alikuwa amekwisha kutoa milioni 3, taslimu, mkono kwa mkono.

Nyumba aliiona mara moja tu, siku ya Jumapili, akiongozwa na komisiyoneri. Vyumba vilikuwa vinne, na kila chumba kilikuwa na mpangaji. Akafurahi. Baadaye ndipo alipojua kwamba watatu kati ya hao wapangaji walikuwa jamaa za muuzaji, walioletwa siku ile na matandiko yao. Na walipofika kwa noteri wa ardhi, ikaonekana kwamba kiwanja kimewekwa rehani benki, na tena hati ina majina mawili: la muuzaji na la mkewe. Mama huyo alikuwa hajasikia habari ya kuuza.

Mwenzetu alihangaika miezi mingi. Mpaka leo amerudishiwa nusu ya pesa zake, kidogo kidogo. Nusu iliyobaki ni miaka ya kubeba matofali.

Nayaandika haya si kwa kumcheka. Mimi mwenyewe nilisoma shule ya msingi tu, na karatasi zilinitisha zamani. Lakini katika chama tumejifunza jambo moja: mfanyakazi hatii sahihi mkataba wa kazi asioufahamu. Basi kwa nini atie sahihi mkataba wa nyumba asioufahamu, tena kwa akiba ya maisha yake yote?

MANENO YA KOMISIYONERI

Hapa Gitega nafasi imekwisha na bei imepanda, kwa hiyo mwenye akiba ndogo hutazama nje ya mji. Wengi hutazama Bugesera. Nyamata ni kama kilomita 30 kutoka Kigali, barabara ni ya lami, na mwaka 2017 kazi ya kujenga uwanja mpya wa ndege ilianza huko. Mwaka 2021 kilifunguliwa kiwanda cha maji cha Kanzenze, ambacho sehemu ya maji yake hupelekwa Bugesera, wilaya iliyojulikana siku zote kwa ukame.

Hayo yote ni kweli. Lakini komisiyoneri huyageuza kuwa mali yake. Anakuuzia uwanja wa ndege ambao si wake, na lami ambayo si yake, ili usiitazame nyumba yenyewe. Nasi mafundi tunajua kuliko yeyote: kazi kubwa ya ujenzi huleta wapangaji wengi, na siku kazi inapokwisha wapangaji hao hufunga mizigo. Uliza mji huo utakula nini baada ya mafundi kuondoka. Kama kuna shule, hospitali, soko na viwanda karibu, vizuri. Kama hakuna, unanunua vyumba vitupu.

KARATASI KABLA YA PESA

Kati ya mwaka 2009 na 2013 Serikali ilipima na kuandikisha ardhi ya nchi nzima, viwanja zaidi ya milioni 10. Kila kiwanja kilipata namba yake, ambayo sote tunaiita UPI. Namba hiyo husema mengi. Tarakimu ya kwanza ni jimbo: 1 ni Mji wa Kigali, 5 ni Mashariki. Inayofuata ni wilaya, kisha sekta, kisha akagari, kisha kiwanja chenyewe. Kiwanja cha Bugesera huanza na 5/07. Mtu akikuambia nyumba iko Nyamata na namba inaanza na 1/03, anakuonyesha karatasi ya kiwanja cha Kicukiro.

Usiamini fotokopi. Chukua namba, nenda wewe mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi, au mwombe kijana wako akutafutie kwenye tovuti ya Mamlaka ya Ardhi. Tazama mambo manne.

Kwanza, majina. Wote walioandikwa katika hati hawana budi kukubali na kutia sahihi. Mume hawezi kuuza peke yake ardhi iliyo na jina la mkewe, wala mke ya mumewe.

Pili, rehani au kizuizi. Rehani za benki huandikishwa kwa Msajili Mkuu aliye katika RDB. Kama ipo, deni hulipwa na rehani hufutwa kwanza, ndipo mnaendelea.

Tatu, matumizi ya ardhi. Shamba la kilimo si kiwanja cha nyumba, hata kama nyumba imekwisha kusimama juu yake. Kumbuka mwezi wa Desemba 2019, jinsi watu wa Kigali walivyoanza kuondolewa mabondeni. Wengi walikuwa wamejenga kwa jasho la halali, lakini mahali pasipo halali.

Nne, kodi za nyuma. Deni la kodi ya kiwanja huzuia kubadilisha jina.

Yakiwa sawa yote, muuziane mbele ya noteri wa ardhi, na pesa zipite benki. Karatasi ya kuandikiana chini ya mwembe haibadilishi jina katika daftari la Serikali.

NENDA MARA TATU

Karatasi zikiwa safi, bado hujaiona nyumba. Nenda mara tatu, na usifuatane na muuzaji.

Nenda siku ya kazi, asubuhi. Ongea na wapangaji. Waulize wanalipa kiasi gani, wanamlipa nani, wamekaa muda gani, na kama wana risiti. Mpita na kiongozi wa mudugudu. Yeye anajua nani anakaa wapi na ni nani wanaogombania mpaka.

Nenda siku ya mvua. Sisi tunaoishi karibu na bonde la Mpazi hatuhitaji kufundishwa maji yanafanya nini. Tazama yanapita wapi, choo kinajaa au hakijai, paa linavuja au halivuji.

Nenda jioni. Uone kama maji yanatoka bombani au watu wanabeba madumu, kama kila chumba kina mita yake ya umeme au wote wanagombania moja, na kama njia ni salama kwa mama anayerudi kazini usiku.

Na uchukue mwashi. Nyumba nyingi za rukarakara hupakwa saruji juu zikang'aa kama za matofali ya kuchoma. Rukarakara si mbaya ikijengwa vizuri juu ya msingi wa mawe, lakini bei yake ni nyingine. Gonga ukuta chini, karibu na sakafu, usikie.

HESABU YA KWELI

Muuzaji alimwambia mwenzetu: kodi ni faranga 60,000 kwa mwezi kwa nyumba nzima, yaani 720,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo milioni 12 zingerudi kwa miaka 17 hivi.

Sasa tufanye ya kwetu. Tuseme vyumba vinakaa vitupu miezi miwili kwa mwaka: zinabaki 600,000. Msimamizi wa 5,000 kwa mwezi anachukua 60,000. Ukarabati, tuseme 100,000. Halafu kodi ya Serikali: kwa sheria ya mwaka 2018, nusu ya mapato ya kodi ya nyumba iliondolewa kama gharama, faranga 180,000 za kwanza za nusu iliyobaki hazikutozwa, na zilizofuata mpaka milioni moja zilitozwa asilimia 20. Hapa ni 24,000. Uliza Mamlaka ya Mapato kiwango cha mwaka wako. Zinabaki 416,000. Kwa kiasi hicho milioni 12 hurudi kwa karibu miaka 29, na nauli za kwenda na kurudi hatujazihesabu.

Mtu wa miaka 45 aijue hesabu hiyo kabla ya kutoa faranga moja. Labda atapunguza bei, labda atatafuta nyumba nyingine, labda ataona heri aongeze chumba kimoja hapa hapa nyumbani.

USISAHAU ULIKOTOKA

Neno la mwisho, ndugu. Wengi wetu hapa Gitega tu wapangaji wa anekisi. Tunamjua mwenye nyumba anayepandisha kodi bila taarifa, asiyetoa risiti, anayeacha choo kibomoke. Siku utakaponunua nyumba Bugesera, aliye ndani atakuwa mfanyakazi kama wewe. Mwandikie mkataba, mpe risiti, mtengenezee paa. Mpangaji anayetendewa haki hakai miezi miwili akahama, na hiyo ni faida ambayo komisiyoneri haihesabu.

Ofisi yetu iko wazi. Hatuuzi nyumba wala hatuchukui kamisheni. Lakini mwanachama akija na karatasi kabla ya kutoa pesa, tutaisoma pamoja, neno kwa neno, na tutampa mwenzake mmoja wa kufuatana naye. Mwashi yule ndiye wa kwanza aliyejitolea kufuatana na wengine. Amekwisha kwenda Nyamata mara tano kwa ajili ya wenzake, na mara mbili amerudi akasema: hapana, hii tuiache.