Kwa Nini Tarumbeta Hupanda Sauti Penye Joto

Watu wa Mombasa wamezoea zumari katika arusi za Mji wa Kale, hatua chache kutoka Marikiti. Na mjini humu ndimo vyama vya beni vya Kingi na Scotchi viliposhindana kwa tarumbeta mwanzoni mwa karne ya 20. Mpigaji wa vyombo hivyo ajua ya kuwa chombo kilichopatana vema asubuhi huweza kwenda kombo adhuhuri.

Wengi hudhani kuwa shaba imetanuka. Sivyo. Bomba la shaba lenye urefu wa mita moja, joto likizidi kwa digrii 10, huongezeka sehemu mbili tu za kumi za milimita. Tena bomba likirefuka sauti yapasa kushuka, nayo hupanda!

Sababu ni hewa iliyomo ndani. Panapo joto la digrii 20 za Sentigredi sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Panapo digrii 30 husafiri mita 349. Bomba likiwa na urefu ule ule, mawimbi huenda na kurudi upesi zaidi, na mitetemo huongezeka. Noti iliyopimwa mitetemo 440 kwa sekunde ingekaribia 447, kama hewa yote ya ndani ingeshika joto la nje. Kwa kweli pumzi ya mpigaji, yenye joto lake yenyewe, hupunguza tofauti hiyo. Ndiyo maana pia chombo kilicholala penye baridi husikika chini mpaka kipulizwe dakika chache.

Zumari ikifuatana na ngoma tupu haina wa kubishana naye. Taabu huanza penye nyuzi. Katika taarabu ya Unguja nai huketi pamoja na ganuni, udi na fidla. Joto hupandisha nai, bali nyuzi, hasa za chuma, hulegea na kushuka. Hapo mpulizaji hulaumiwa bure.

Mwenye tarumbeta na avute nje kidogo ile neli ya kulinganishia. Mpiga nai hana neli. Yeye hugeuza pembe ya mdomo wake, au huchukua nai nyingine. Lakini fundi akiona zumari i chini asubuhi akaukata mti wake, adhuhuri ataikuta imepita juu, na kipande kilichokatwa hakiungiki tena.