Sumu Iliyochujwa Harbin

Aseniki ni sumu. Watu wameitumia kuulia panya, na wengine kuwaulia waume zao. Leo mgonjwa wa aina moja ya saratani ya damu, iitwayo kwa kifupi APL, hutundikiwa dripu ya sumu hiyohiyo, kama miligramu 10 kwa siku, na wengi hupona kabisa.

Habari inaanzia mkoa wa Heilongjiang, kaskazini-mashariki mwa China, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huko vijijini kulikuwa na mganga aliyetibu uvimbe kwa dawa ya vitu vitatu: aseniki, chumvi ya zebaki na sumu ya chura. Han Taiyun, mfamasia wa hospitali mjini Harbin, akaigeuza kuwa sindano. Zhang Tingdong, daktari aliyesomea tiba ya kisasa kisha akajifunza na ya Kichina, akafanya jambo ambalo wauza dawa wengi hawalipendi: akapunguza. Sumu ya chura inapandisha presha, ikatolewa. Zebaki inaumiza figo, ikatolewa nayo. Ikabaki aseniki peke yake, na wagonjwa wa saratani ya damu wakaendelea kupata nafuu. Mwenye kukuuzia pakiti ya mizizi ishirini inayotibu saratani zote, mwulize amewahi kutoa upi.

Kwa nini aseniki inafaa? Jibu limo katika epijenetiki, yaani namna jeni zinavyofungwa na kufunguliwa bila maandishi yake kubadilika. Chukua kanga uikunje uitie sandukuni. Jina lake halijafutika, ila halisomeki. Ndivyo jeni zilivyo: DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na ikikazwa sana, chembe haiwezi kusoma kilichoandikwa.

Kwenye APL, kromosomu ya 15 na ya 17 hukatika na kubadilishana vipande. Hapo huzaliwa protini chotara inayoita vimeng'enya vya kukaza mikunjo, hasa penye jeni za kuikomaza chembe nyeupe. Chembe changa hufurika kwenye uboho, na mgonjwa huanza kuvuja damu. Zamani wengi walikufa hivyo, ndani ya siku chache.

Aseniki humshika yule chotara, chembe yenyewe ikamsaga. Huko Shanghai, kuanzia 1985, daktari Wang Zhenyi alikuwa akitumia ATRA, jamaa ya vitamini A, ambayo huikunjua kanga. Baadaye dawa hizo mbili zikaja kuunganishwa. Katika utafiti wa Italia na Ujerumani uliochapishwa 2013, kwa wagonjwa wasio mahututi sana, asilimia 97 ya waliopewa dawa hizo mbili bila kemotherapi walifika miaka miwili bila ugonjwa kurudi wala kuwashinda. Waliopewa ATRA na kemotherapi walikuwa 86.

Marekani iliidhinisha aseniki mwaka 2000. Mwaka 2020, Zhang na Wang walipewa kwa pamoja tuzo ya Future Science Prize nchini China. Jina la Han, aliyetengeneza sindano ya kwanza, halikuwamo.