Homa ya Bonde la Ufa: Ugonjwa unaopiga hodi kabla ya kuingia

MARADHI mengi ya kuambukiza humvamia binadamu bila kutoa ilani. Homa ya Bonde la Ufa ni tofauti. Ugonjwa huu unaosababishwa na virusi na kuenezwa na mbu hutanguliwa na mvua kubwa, kisha mafuriko, kisha makundi ya mbu, kisha kondoo na mbuzi kutupa mimba kwa wingi. Aghalabu binadamu huwa wa mwisho kuugua.

Licha ya dalili hizo zote, mkurupuko uliozuka mwishoni mwa 2006 uliwaua zaidi ya watu 150 nchini Kenya kabla ya kudhibitiwa mwaka uliofuata. Tangu wakati huo, watafiti hawajishughulishi tu na jinsi ya kuutabiri ugonjwa huu. Wanachunguza pia ni kwa nini onyo linaweza kutangulia na hatua zikachelewa.

Chimbuko lake

Jina la ugonjwa linatokana na mahali ulikotambuliwa mara ya kwanza. Mnamo 1930 na 1931, wanakondoo walikufa kwa maelfu karibu na Ziwa Naivasha, nao kondoo wenye mimba wakazitupa. Wanasayansi Daubney, Hudson na Garnham walichunguza vifo hivyo na kubaini kuwa chanzo chake kilikuwa virusi ambavyo havikuwa vimejulikana hapo awali.

Kwa miongo kadhaa, homa hiyo ilichukuliwa kuwa tatizo la mifugo. Dhana hiyo ilibadilika mwaka wa 1977 ilipozuka nchini Misri na kuua takriban watu 600. Miaka 10 baadaye iliripotiwa Mauritania na Senegal, na mwaka wa 2000 ikavuka Bahari ya Shamu na kuingia Saudi Arabia na Yemen. Huo ndio uliokuwa mkurupuko wa kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika.

Nchini Kenya, mkurupuko mkubwa zaidi kwa watu ulifuatia mvua za El Nino za 1997 na 1998. Inakadiriwa kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika iliyokuwa Wilaya ya Garissa pekee.

Mayai yanayongoja mvua

Kati ya mkurupuko mmoja na mwingine huweza kupita miaka mingi. Virusi hujificha wapi muda huo wote?

Sehemu muhimu ya jibu ilipatikana humu nchini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1985, wanasayansi walikusanya viluwiluwi vya mbu wa jamii ya Aedes kutoka mabonde yaliyokuwa yamefurika maji, wakavilea hadi vikawa mbu kamili. Mbu hao hawakuwa wamewahi kumuuma mnyama yeyote, lakini baadhi yao walipatikana na virusi. Hii ilimaanisha kuwa mbu jike aliyeambukizwa anaweza kuvirithisha virusi kwa kizazi chake kupitia mayai.

Mayai hayo hutagwa kwenye udongo wenye unyevu, kandokando ya vidimbwi na mabonde ya nyasi. Maji yanapokauka, hayafi. Yanaweza kukaa ardhini kwa miaka kadhaa yakisubiri mafuriko. Mvua ya kawaida haitoshi kuyaangua kwa wingi; sharti maji yatuame kwa siku nyingi.

Mbu wa kwanza wanapoanguliwa, huwauma ng'ombe, kondoo, mbuzi na ngamia walio malishoni. Damu ya mnyama aliyeambukizwa hujaa virusi. Hapo ndipo mbu wa jamii nyingine, hasa Culex, ambao huzaliana kwa wingi katika maji yale yale, huvisambaza virusi hivyo mbali zaidi.

Utabiri kutoka angani

Kwa kuwa ugonjwa hufuata mvua, watafiti walijiuliza iwapo ungeweza kutabiriwa kwa kufuatilia hali ya hewa. Mnamo 1999, mtaalamu wa wadudu Kenneth Linthicum, mtafiti Assaf Anyamba na wenzao walichapisha utafiti kuhusu suala hilo. Walilinganisha kumbukumbu za mikurupuko ya Kenya na joto la maji katika Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, pamoja na picha za setilaiti zinazoonyesha jinsi mimea inavyostawi ardhini. Bahari hizo mbili zinapopata joto kwa pamoja, mvua nyingi hunyesha Afrika Mashariki, nyika hugeuka kijani kibichi, na hatari huongezeka.

Mwaka wa 2006 mbinu hiyo ilipata mtihani wake. Kufikia Septemba, dalili za El Nino zilikuwa zimeonekana, na ramani za maeneo yaliyokuwa hatarini zikaanza kutolewa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa ilani mwezi Novemba. Mnamo Desemba, vipimo vya maabara vilithibitisha ugonjwa huo kwa wakazi wa Garissa. Utabiri ulikuwa sahihi.

Siku zilizopotea

Baada ya mkurupuko huo, wataalamu wa mifugo waliwahoji wafugaji wa Kaskazini Mashariki ili kujua mambo yalivyofuatana. Wafugaji Wasomali walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, sandik, linalorejelea damu inayotoka puani. Walieleza dalili zake bayana, na walikuwa wameshuku ujio wake hata kabla ya maabara kuthibitisha.

Kutokana na maelezo yao, ilibainika kuwa kwa wastani ziliwachukua mbu takriban siku 24 kutanda baada ya mvua kubwa kuanza. Siku 17 hivi baadaye, mifugo ilianza kuugua. Baada ya siku nyingine 17 au 18, mtu wa kwanza aliugua. Lakini tangu mnyama wa kwanza kushukiwa kuugua hadi huduma za mifugo kuchukua hatua, ilipita takriban miezi miwili.

Ukilinganisha hesabu hizo, kiini cha tatizo kinadhihirika. Muda wa kuzuia maafa ulikuwepo, lakini ulipita wakati barabara zimekatwa na mafuriko, chanjo haijafika na maafisa wakisubiri uthibitisho. Hasara iliyopatikana kwa uchumi wa Kenya ilikadiriwa kuwa zaidi ya Sh2 bilioni. Si mizoga pekee iliyoleta hasara hiyo. Masoko ya mifugo yalifungwa, na familia ambazo hazikupoteza mnyama hata mmoja zikakosa pa kuuza.

Aidha, uamuzi wenyewe si rahisi. Afisa anayetangaza hatari mapema anaweza kusababisha soko lifungwe na bei zianguke, kisha mvua zisifikie kiwango kilichotabiriwa. Akingoja uthibitisho, huenda akachelewa.

Chanjo kabla ya mafuriko

Chanjo ya mifugo imekuwepo kwa miongo mingi, na aina moja hutengenezwa humu nchini. Hata hivyo, inafaa kutolewa kabla ya mvua. Mnyama huhitaji muda kujenga kinga, na ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi inaweza kuwa ndiyo inayoueneza. Isitoshe, chanjo ya zamani ya virusi hai vilivyodhoofishwa inaweza kusababisha baadhi ya mifugo kutupa mimba, jambo linalowafanya wafugaji kusita.

Kwa binadamu, hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya umma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi, akiwemo mwanasayansi Mkenya George Warimwe, wamekuwa wakiunda chanjo ambayo huenda ikafaa mifugo na watu vilevile. Majaribio yake kwa watu yalianzia Uingereza, yakafuata Uganda, na mwaka wa 2025 yakaingia awamu ya pili nchini Kenya.

Haja yake haijapungua. Ugonjwa huo ulizuka tena Wajir mwaka wa 2018, na mwaka wa 2025 ukaua watu nchini Senegal na Mauritania.

Jinsi ya kujikinga

Watu wengi wanaoambukizwa hupata homa, maumivu ya misuli na ya kichwa, kisha hupona. Wachache hupata madhara ya macho yanayoweza kuwapofusha, uvimbe wa ubongo, au kuvuja damu mwilini. Takriban nusu ya wanaofikia hatua hiyo ya kuvuja damu hufariki. Hakuna dawa maalumu ya kuua virusi hivyo, na haijathibitishwa kuwa mtu mmoja humwambukiza mwingine moja kwa moja.

Mbali na kuumwa na mbu, wengi huambukizwa wanapogusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa. Kwa sababu hiyo, wafugaji, wachinjaji, wapishi na madaktari wa mifugo wamo hatarini zaidi. Wataalamu wanashauri mfugaji asimchinje mnyama anayeugua, asiguse kijusi kilichotupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, achemshe maziwa na kuivisha nyama kabisa, na kulala ndani ya chandarua.

Zaidi ya yote, anayeona mifugo yake ikitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa anapaswa kumjulisha afisa wa mifugo siku hiyo hiyo, naye afisa asingoje mtu augue ndipo aamini. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa homa hii, wakati wa kuziba ufa ni kiangazi, ambapo barabara zinapitika, mifugo ina afya na mayai ya mbu yangali yamelala ardhini.